Salama ya Ami Msabaha

Hounslow, pembeni mwa London, ndege hazipiti juu ya watu, zinapita katikati yao. Unakuna nazi, ndege inakuja, sufuria zinatetemeka kwenye rafu, maneno yanakatika hapo hapo mpaka ipite, kisha mtu anaendelea na sentensi yake kana kwamba aliimeza kidogo tu. Mgeni huziba masikio. Mwenyeji hulala. Na katika wenyeji wote niliowajua, hakuna aliyelala usingizi mtamu chini ya ndege kama Ami Msabaha, jirani yangu wa mlango wa pili.

Ami ni baba mdogo, lakini sisi watu wa Mombasa kila mzee wa heshima ni ami yetu, damu zijuane zisijuane. Huyu alizaliwa Kibokoni, akaja Uingereza kijana mwenye nywele nyingi na suruali pana miguuni, akapata kazi ya kusafisha ndege kiwanjani Heathrow, na hakuiacha kazi ile mpaka magoti yalipomwacha yeye. Ndiye aliyenifundisha mimi nilipofika kutoka Likoni na darasa la saba langu.

"Faridah," aliniambia siku ya kwanza, "ukiingia ndani ya ndege iliyoshusha watu, usianze kufagia. Simama. Mablanketi bado yana joto."

"Ami, msimamizi anatutazama."

"Yule anatazama saa. Wewe tazama viti."

Nilimwona mtu wa ajabu. Wenzake walitafuta sarafu chini ya viti, yeye alikuwa akigusa blanketi kwa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Alipostaafu, mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na hawakujaliwa mtoto. Lakini hakuwa mpweke, na hili nalisema kwa sauti kwa sababu wapo wanaodhani uzee ndio unaomwangusha mtu. Chini ya majengo yetu palikuwa na kituo cha wazee. Ami alishuka kila siku, akacheza dhumna na Wahindi wa Nairobi na Wajamaika, wakagombana, wakala wali, wakapandishwa nyumbani wakiwa wanachekana. Kikafungwa. Walisema bajeti. Sasa pale ndani vijana wananyanyua vyuma mbele ya vioo. Kisha likaondolewa lile benchi la kwenye kona, kwa kuwa walevi walikuwa wakilikalia, na ami hakuwa na pa kupumzisha magoti katikati ya nyumba na msikiti. Kisha lifti ikaanza tabia ya kulala na kuamka itakavyo yenyewe. Hakuna aliyemsukuma mzee wa watu. Lakini nimeona kwa macho yangu jinsi jambo linavyoamuliwa huko mezani, watu wakila biskuti, likasafiri polepole na kuja kumkalia mtu gotini.

Akabaki ndani, na ndani akaanza kuota.

Ndoto ilikuwa ni ile ile moja, na alinisimulia kila nilipompelekea bakuli la chakula, mpaka ikawa kama yangu. Yumo ndani ya ndege iliyoshusha watu. Anakwenda katikati ya viti na njia haifiki mwisho. Madirishani mna mwanga wa rangi ya maziwa yaliyotiwa zafarani. Kila kiti kina blanketi, na kila blanketi lina joto. Anakunja moja baada ya moja, hana haraka, na kila akikunja anamjua aliyelala humo: huyu bibi arusi, huyu mtoto mwenye kikohozi, huyu ametoka kuzika.

"Na wewe unakwenda wapi, ami?"

"Siendi popote, mwanangu. Mimi nakunja."

Kilichokuwa kikimtoa ndotoni kila asubuhi ni maji, na maji yaliletwa na Jaspreet.

Jaspreet alikuwa mhudumu aliyewekewa na kaunsili, yaani serikali ya mtaa, mwanamke wa Kisingasinga mzaliwa wa Kisumu, mnene wa mikono na mwepesi wa miguu, mwenye Kiswahili chake cha dukani kwa baba yake. Beseni la kuogea la nyumba zetu lina ukingo mrefu, ami hawezi kuuvuka peke yake. Jaspreet aliweka ubao juu ya beseni, akamketisha, akamvusha mguu mmoja baada ya mwingine, kisha akammiminia kwa kopo. Kopo lilikuwa sharti la ami. Bomba la mvua alilikataa katakata. Alisema hayo ni manyunyu, mtu haogi kwa manyunyu.

Nikiwa kwangu, ukuta kwa ukuta, nilikuwa nikiwasikia.

"Mzee, maji iko tayari."

"Maji yako tayari, Jaspreet."

"Yangu? Hapana, mzee. Mimi nimeoga nyumbani. Hii ni yako."

"Nasema, Kiswahili ni maji *yako* tayari."

"Na mimi nasema ni yako! Ingia kabla iwe baridi!"

Kila asubuhi ugomvi huo huo, na kila asubuhi wakacheka. Kisha kimya, kisha maji yakimwagika, kopo baada ya kopo, na mvuke ukitoka chini ya mlango mpaka kwenye ujia wetu, una harufu ya sabuni ya sandali. Mimi niliyetoka zamu nilisimama kidogo pale penye mvuke kabla ya kufungua mlango wangu. Nilikuwa nikijisikia nimeogeshwa na mimi. Akishaoga, ami alikuwa mtu mzima: kanzu, kofia, dirisha wazi, na siku ya Ijumaa Jaspreet akamshusha mpaka kwenye gari la watu wa msikiti.

Basi asubuhi moja sikusikia ugomvi. Wala ya pili yake. Jaspreet akanipigia simu.

"Dada, wameondoa mzee kwa kazi yangu. Wanasema anajiweza."

"Nani kasema anajiweza?"

"Yeye."

Nikapita ujiani mpaka kwake. Nikamkuta ami ameketi kitandani na shati la kulalia, ametulia, uso mweupe kwa mwanga wa dirishani.

"Ami, kaunsili walikupigia?"

"Walinipigia, mwanangu. Watu wazuri. Wakaniletea na mkalimani humo humo kwenye simu, kijana ana Kiswahili kizuri, kafundishwa kwao yule."

"Wakakuuliza nini?"

"Hali yangu."

"Ukawaambia nini?"

Akanitazama kama niliyeuliza maji yana rangi gani. "Nikawaambia salama."

"Wakauliza na nini tena?"

"Wakauliza, kuoga vipi? Nikasema alhamdulillahi. Wakauliza, huanguka? Nikasema kidogo tu, si neno. Wakauliza, chakula je? Nikasema twashukuru." Akanyoosha shati lake. "Nilijibu kwa adabu, Faridah. Hawatasema mzee wa Kibokoni hana adabu."

Nilitaka kupiga kelele nikashindwa hata pa kuanzia. Maana alikuwa hakukosea. Kwetu mtu akikuuliza hali, unasema salama. Hata nyumba inaungua, kwanza salama. Salama ni mlango tu unaofungua, mgeni aingie, aketi, apoe, ndipo umwambie: salama, ila. Na habari yote iko nyuma ya hiyo ila. Mkalimani alifasiri sawasawa, neno kwa neno. Mwuliza maswali aliandika sawasawa. Lakini hakuna aliyeketi kuingojea ila. Walipata mlango, wakadhani ndio nyumba, wakaondoka zao.

"Ami, wamekuondolea Jaspreet."

Ndege ikaja, ikajaza chumba, ikaondoka.

"Basi nitajifuta kwa kitambaa," akasema.

Akajifuta kwa kitambaa. Nilijitolea kumwogesha, akakasirika kweli kweli, mimi namwita ami nimwone uchi, tumefika huko? Jaspreet alikuwa mhudumu, kazi yake, na alikuwa na namna ya kutazama ukutani. Kwa hiyo alijifuta, na mzee aliyezoea kumwagiwa maji akihisi hakutwahirika haendi msikitini. Ijumaa gari likaja, akalipungia mkono dirishani. Ijumaa ya pili hakusimama dirishani. Kanzu ikakaa kwenye msumari wake, na kila nikiingia naiona imening'inia, nyeupe, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa akakosa kiti.

Usingizi nao ukaanza kumla. Nilikuwa namwacha amelala, narudi nimkute amelala, chai niliyomwekea imefanya ngozi. Akifumbua macho anachukua muda kunijua. Na ndoto ikabadilika.

"Mablanketi yamepoa, Faridah," akaniambia. "Nagusa hivi, baridi. Nagusa lile, baridi. Sijui waliolala humo ni nani."

"Basi toka huko, ami. Shuka."

"Nashukaje? Ngazi wameshaiondoa."

Siku moja adhuhuri nilimkuta kwenye sakafu ya bafu, na nguo zake kavu, ameegemea beseni, mguu mmoja umekunjwa kama si wake.

"Ami!"

"Napumzika," akasema. "Pana ubaridi mzuri hapa."

Hapo nikaogopa. Si kuanguka kulikonitisha. Kilichonitisha ni kwamba alisema kweli. Alikuwa ameanza kupapenda pale chini. Nikaona wazi kuwa asubuhi zisiporudishwa, siku moja nitaingia na bakuli langu na ami atakuwa ameendelea na ile njia ya katikati ya viti, asinisikie nikimwita.

Nikawapigia kaunsili. Sitasimulia muziki wanaokuwekea ukingoja, kwa kuwa sijambo na sitaki kuugua. Kila aliyepokea nilimwambia neno moja: sitaki simu, nataka mtu aje kwa miguu yake amwone. Nadhani walichoka na sauti yangu. Wakasema atakuja mama mmoja, Margaret.

Jaspreet akaja siku yake ya mapumziko, tukamkalisha ami kumfanyisha mazoezi ya kujibu maswali.

"Mimi ndio mama ya kaunsili," akasema Jaspreet, akabana midomo, akashika chano kama mkoba. "Habari yako, mzee?"

"Salama, mama. Karibu."

"Hapana!" tukapiga kelele wote wawili.

"Sema mbaya, ami. Sema magoti yamekufa."

"Nianze kumlilia mgeni hata hajaketi? Atakunywa chai gani huyo baada ya hapo?"

"Haji kwa chai!"

"Basi asije." Akajaribu tena, kwa ajili yetu. Akavuta pumzi. "Hali yangu mbaya." Kisha uso ukamjaa haya. "Lakini si sana, mama, usitie wasiwasi."

Jaspreet akaweka chano chini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya mtandio wake, na mwishoni sikujua kama ni kicheko bado. "Huyu mzee watamfunga akiwa anasema asante," akasema.

Margaret alikuja mchana wenye ukungu, ndege zinasikika hazionekani. Mama wa makamo, mkoba mzito, viatu vya mtu anayetembea sana. Aliomba radhi kwamba mkalimani hakupatikana; kama mzee anaridhia, mimi nifasiri. Ami akaridhia. Alikuwa amevaa kanzu. Ameivaaje peke yake sijui, vifungo vilikuwa vimepandana.

Margaret akafungua kompyuta yake ndogo magotini, akauliza hali.

"Salama, mama, alhamdulillahi," akasema ami. "Karibu sana kwetu."

Nikamgeukia Margaret, nikamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka: "Anasema hali yake ni mbaya sana."

"Faridah," akasema ami kwa upole. "Sikusema hivyo."

Nilikuwa nimesahau. Ami Kiingereza hakisemi, lakini mtu aliyeishi kiwanjani cha ndege miaka yote hiyo, kusikia anasikia. Margaret akanitazama, akamtazama yeye, kidole juu ya herufi. Nikahisi asubuhi zote zinatuteleza, kopo, mvuke, ugomvi wa maji yako na maji yangu, na kwa kukosa la kufanya nikamimina chai.

Ami akangoja kikombe kimfikie mgeni. Kisha akasema, "Muulize kwao hawajambo?"

Nikafasiri. Margaret akatabasamu, hawajambo.

"Na watoto?"

Wazima, wote wakubwa.

"Na safari ya kuja huku?"

Nzuri, mabasi tu yamechelewa.

"Na mama yake? Yu hai?"

Niliona haya kuuliza, lakini nikauliza. Margaret akasema yu hai, yu salama. Akanywa chai. Ukungu ulikuwa umesogea mpaka kwenye kioo, chumba kikawa cheupe pande zote, kama tunaning'inia. Ndege ikapita humo weupeni, polepole, hatukuiona, na kwa kawaida yetu mimi na ami tukanyamaza kuingoja ipite. Margaret naye akalazimika kunyamaza. Na ilipopita, ami hakusema kitu. Alikuwa bado anamtazama mgeni wake, anangoja. Nikajua anangoja nini.

"Isipokuwa," akasema Margaret, "ameanza kuniita jina la dada yake. Dada yake alikufa wakiwa wasichana. Anafurahi sana kuniona." Akageuza kikombe kwenye kisahani. "Sijui nimsahihishe au nimwache."

Nikafasiri. Ami akaitikia kwa kichwa kama aliyesimuliwa habari za mtaani kwake.

"Mwambie pole. Mwambie asimkatize. Nami hujiwa na watu ndotoni."

Na hapo, kwa kuwa mgeni ametoa yake, ami akatoa yake. Hakulalamika. Alisimulia. Alianza na ndege ndefu isiyo mwisho na mwanga wa maziwa, na mablanketi yaliyokuwa na joto na sasa hayana. Nikafasiri kila neno, sikutia chumvi, haikuhitajika. Akasema amelala sakafuni mwa bafu mara ambazo Faridah hazijui, na hapo mimi mwenyewe nikakwama, ikabidi anisubiri. Akasema anajifuta kwa kitambaa lakini mwili haujui kuwa umeoga, na mtu ambaye mwili wake haujaoga huona haya kumwomba Mungu kitu. Akasema zamani alikuwa akishuka chini kucheza dhumna.

"Basi," akasema. "Salama, ila hivyo."

Kompyuta ya Margaret ilikuwa imejizima yenyewe kwa kutoguswa, imebaki kioo cheusi chenye sura zetu. Akaomba kuona bafu. Akapima ule ukingo kwa mkono, akaketi juu yake, akakaa humo kitambo kizuri peke yake. Alipotoka akaniuliza jambo moja tu: siku ile ya simu, alipoulizwa, kwa nini alisema yuko salama? Nikamwambia, "Sisi hiyo ndiyo karibu yetu. Mngemngoja kidogo." Hakubisha wala hakujitetea. Akasema ile simu hupewa muda mfupi, si yeye aliyeupanga. Nikamwamini.

Walipiga baadaye kusema asubuhi zimerudi, mpaka watakapouliza tena. Kituo hakikurudi, wala benchi, na lifti ina tabia zake. Lakini asubuhi zilirudi. Na katika mwili wa mzee hakuna kilichokuwa kimebadilika baina ya ile simu na chai ile. Magoti yale yale, miguu ile ile. Kilichobadilika ni namna alivyoulizwa. Mimi hilo huwa nalifikiria nikiwa kazini, nikikunja.

Siku aliporudi Jaspreet nilikuwa nimetoka zamu, nimesimama ujiani na mfuko wangu.

"Mzee, maji iko tayari."

Nikasogeza sikio mlangoni.

"Maji yako tayari, Jaspreet," ikaja sauti, ya usingizini bado, ikitoka mbali, kama mtu anayepita katikati ya viti vingi akielekea mlangoni.

"Yako, mzee. Yako. Kuja."

Kisha kopo la kwanza. Nikasikia maji yakimshukia kichwani, mabegani, yakipiga ubao, na ami akitoa ule mguno wa mtu aliyetua mzigo. Kopo jingine. Jingine. Mvuke ukatoka chini ya mlango, na sandali yake, ukanifunika viatu, ukapanda. Sikuondoka mpaka walipomaliza.

Ijumaa nikamkuta ameketi dirishani, kanzu safari hii vifungo viko sawa, anangoja gari la msikiti. Nikampa bakuli lake.

"Ami, hali?"

"Salama, mwanangu."

Nikavuta kiti, nikaketi. Ndege ikaja, ikapita juu yetu na magurudumu yake wazi, sufuria zikatetemeka, ikaenda zake. Ami akafunua bakuli, akanusa, akaanza kula. Nikaingojea ile ila. Nikaingoja sana, mwenyewe ananitazama kwa pembe ya jicho, na haikuja.